Paka Anayekohoa Usiku: Mwongozo Kamili wa Kuitambua na Kuitunza Pumu ya Paka

Karafuu, paka wetu wa rangi ya kahawia, alianza kukohoa akiwa na miaka minne. Alikuwa akijikunyata sakafuni, viwiko nje, shingo ameinyoosha mbele kama anayechungulia chini ya kabati, anakohoa mara tano au sita mfululizo, anameza mate, kisha anakwenda zake kana kwamba hakuna lililotokea. Nyumbani tulikubaliana kwamba ni nywele zimemkwama kooni. Tukamchana manyoya kila siku, tukasubiri azitapike. Hazikutoka, maana hazikuwepo. Miezi mitano ilipita hivyo, mpaka usiku mmoja nikamkuta ameketi mlangoni, mdomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi.

Ile miezi mitano ndiyo inayonifanya niandike. Pumu ya paka ni ugonjwa unaotunzika, na paka wengi wenye pumu huishi miaka mingi wakila na kucheza vizuri. Lakini hautunziki kwa kusubiri kikohozi kiishe chenyewe, wala kwa kuacha dawa siku kikohozi kinaponyamaza. Moto wake ni wa chini ya majivu: juu kimya, chini kunawaka. Nitaeleza hatua kwa hatua namna ya kuutambua moto huo, namna ya kuuzima, na namna ya kujua kama umezimika kweli. Vipimo vya dawa ni kazi ya daktari wako wa mifugo. Kazi iliyobaki, ambayo ni kubwa zaidi, inafanyika nyumbani.

Kama anahangaika kupumua sasa hivi

Kama unasoma huku paka wako ametoa ulimi anatweta, yaliyobaki utayasoma baadaye. Mbwa kutweta ni kawaida yake. Paka mtulivu anayepumua kwa mdomo wazi ni mgonjwa wa dharura. Dalili nyingine za hatari ni ufizi au ulimi kuwa wa buluu au kijivu, tumbo kusukuma kwa nguvu kila anapotoa pumzi, na kukataa kulala ubavu.

Usimkumbatie, usimgeuze chali, usimpe maji, chakula wala kidonge. Paka anayepigania hewa akishikwa kwa nguvu anaweza kukata roho mikononi mwako. Mwingize taratibu kwenye kikapu chenye matundu, kifunike nusu kwa khanga nyepesi ili asione vurugu, na muwe na hewa safi njia nzima. Piga simu kwa daktari kabla ya kufika ili oksijeni iwe tayari. Kama paka tayari ameandikiwa pampu ya salbutamoli, ile ya buluu ya kufungua mirija ya hewa, na amezoea kuitumia, mpe sasa kama daktari alivyokuelekeza, kisha ondokeni. Huko ataingizwa kwenye oksijeni na kuchomwa sindano ya kulegeza mirija, kama tebutalini, pamoja na steroidi ya haraka, yaani dawa ya kushusha uvimbe, kama deksamethasoni. Vipimo vingine vyote vitasubiri apumue kwanza.

Hatua ya 1: Tofautisha kikohozi na nywele

Paka anayetapika nywele hukaza tumbo lote, mgongo hupinda, na mwisho kitu kinatoka: kifundo cha manyoya chenye umbo la soseji, au chakula. Paka anayekohoa hushuka chini karibu na sakafu, shingo imenyooka mbele, na mwisho wake hakitoki kitu. Mara nyingi humeza, kwa sababu belghamu imepanda kooni akaishusha tumboni. Wapo wanaokohoa mpaka wakatapika, na hao huwadanganya wengi. Wapo pia wasiokohoa kabisa: wanapumua haraka, au kifua kinatoa mluzi mwembamba wanapotoa pumzi, au wameacha tu kuruka juu ya ukuta waliozoea.

Mrekodi kwa simu. Ukifika kwa daktari paka atakuwa kimya kwa hofu, na maelezo yako ya mdomo hayatafaa kitu mbele ya video ya sekunde 20. Rekodi matukio mawili au matatu, ubavu wake ukionekana.

Hatua ya 2: Hesabu pumzi akiwa amelala

Kama utachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, chukua hili. Paka akiwa usingizini, bila kukoroma wala kuota (akiota masharubu na makucha hutikisika), tazama mbavu zake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, andika kwenye daftari pamoja na tarehe.

Paka mzima akiwa usingizini kwa kawaida hupumua chini ya mara 30 kwa dakika, na wengi huwa kati ya 16 na 28. Hesabu siku saba mfululizo ujue kiwango cha paka wako mwenyewe. Ikivuka 30 siku mbili tatu, mpigie daktari. Ikifika 40 akiwa amelala, usisubiri asubuhi. Usihesabu akiwa anakoroma kwa raha mapajani mwako, wala mara tu baada ya kucheza, wala adhuhuri ya joto kali, maana namba hizo hazina maana.

Andika pembeni na lililotokea siku hiyo: mmepaka rangi ukuta, mmewasha dawa ya mbu, mmefagia dari. Daftari langu la mwezi wa kwanza lilinionyesha kitu ambacho macho hayakukiona. Kikohozi kibaya kilikuwa kinakuja alfajiri ya Ijumaa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alhamisi jioni ndiyo siku nyumba yetu hufukizwa udi.

Kinachotokea kifuani

Inafaa ukijue kidogo, maana ndicho kitakachokupa subira ya dawa. Mirija ya hewa ya paka hugawanyika kama matawi ya mti mpaka vijitawi vidogo kabisa ndani ya mapafu. Kwa paka mwenye pumu, kinga ya mwili imekichukia kitu kidogo kilichomo hewani, yaani kizio. Akikivuta, chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili humiminika kwenye kuta za mirija. Kuta huvimba, tezi hutoa belghamu nzito, na misuli inayoizunguka mirija hukaza. Yote matatu kwa pamoja. Mrija ukipungua nusu ya upana wake, upinzani dhidi ya hewa huongezeka mara 16, ndiyo sababu paka anaweza kuwa mzima saa tatu usiku na hoi saa nne.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo wengi hulichanganya na la kwanza. Mirija iliyovimba kwa muda mrefu huwa myepesi wa kushtuka. Hukaza hata kwa vitu ambavyo si vizio vyake: harufu ya jiki, ubaridi wa kiyoyozi, manukato, moshi. Fikiria kidonda kibichi na chumvi. Chumvi haikukileta kidonda, ila ikikigusa utaruka. Kwa hiyo kuondoa moshi peke yake hakuponyi kidonda, na kutibu kidonda huku chumvi inamwagwa kila siku ni kazi bure. Ukiuacha uvimbe miaka na miaka, kuta za mirija huwa nene kwa kovu, na kovu halirudi nyuma.

Pumu hii hupata takriban paka 1 hadi 5 katika kila 100. Huanza sana ujanani au umri wa makamo, na paka wa aina ya Siamese wanaonekana kuathirika zaidi. Watafiti wa Marekani wanaoichunguza huiamsha kwa paka wa maabara kwa vizio viwili: utitiri wa vumbi la nyumbani na chavua ya ukoka. Huu ukoka wetu wa uani, ndio huohuo.

Hatua ya 3: Kwa daktari, ondoa kwanza magonjwa yanayofanana

Pumu haina kipimo kimoja cha kuithibitisha. Hujulikana kwa kuyaondoa mengine. Isipokuwa ni dharura, mwombe daktari asianze steroidi siku ya kwanza kabla ya vipimo, kwa sababu steroidi huzifuta eosinofili na kuficha ushahidi, na kama tatizo ni maambukizi huyapa nafasi.

Wa kwanza wa kumwondoa ni mnyoo wa mapafu, *Aelurostrongylus abstrusus*. Konokono na koa hubeba wachanga wake. Panya, ndege na mijusi huwala konokono. Paka huwala hao. Paka wetu wa uswahilini wanawinda mijusi kafiri ukutani kila usiku, na kikohozi cha mnyoo huyu hakina tofauti na cha pumu kwa kutazama. Kipimo chake hakihitaji mashine ya gharama. Kinyesi kibichi hufungwa kwenye shashi, huning'inizwa ndani ya faneli yenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, wachanga wa minyoo hushuka chini, kisha tone la chini hutazamwa kwa hadubini. Hawatoki kila siku, kwa hiyo peleka kinyesi cha siku tatu. Mwambie mtaalamu wa maabara waziwazi kwamba unatafuta mnyoo wa mapafu, maana kipimo cha kawaida cha kinyesi humkosa. Hata kinyesi kikiwa safi, madaktari wengi hutoa dawa ya minyoo iitwayo fenibendazoli kwa siku kadhaa kwa tahadhari, na mimi naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Ni dawa nafuu, na kumpa paka steroidi miaka miwili kwa sababu ya mnyoo ni msiba.

Wa pili ni mnyoo wa moyo, anayeenezwa na mbu. Kwa paka hata mnyoo mmoja au wawili wanatosha kuvimbisha mapafu. Kisha kuna nimonia, maji kuzunguka mapafu, uvimbe wa saratani, na ugonjwa wa moyo. Huu wa mwisho una alama yake: mbwa mwenye moyo mbovu hukohoa, paka mwenye moyo mbovu mara chache hukohoa, yeye hupumua haraka tu. Kuna pia mkamba sugu, ndugu wa karibu wa pumu, ambao matibabu yake yanafanana nayo kwa sehemu kubwa.

Picha ya eksirei ya kifua husaidia sana. Mirija iliyovimba huonekana kama vipete vidogo na reli, mapafu yaliyojaa hewa iliyokwama hukisukuma kiwambo (ukuta wa misuli kati ya kifua na tumbo) kikawa bapa, na mara nyingine tawi la kati la pafu la kulia linakuwa limesinyaa. Ila sikiliza: paka mwenye pumu anaweza kuwa na picha safi kabisa. Picha safi haimwondoi kwenye pumu.

Kipimo cha ndani zaidi ni kuosha mirija kwa maji ya chumvi paka akiwa kwenye usingizi wa dawa, na kuhesabu eosinofili ndani yake. Sehemu nyingi za kwetu hakipatikani, na kwa paka anayepumua vibaya kina hatari yake. Kikikosekana, njia ya busara ni hii: dawa ya minyoo kwanza, eksirei, moyo usikilizwe, kisha steroidi kwa majaribio huku hesabu ya pumzi ikiandikwa kila siku. Paka wa pumu kwa kawaida huonyesha nafuu ndani ya wiki moja.

Hatua ya 4: Dawa mbili, kazi mbili

Kuna dawa ya kuzima moto na dawa ya kufungua mlango. Usizichanganye akilini.

Ya kuzima moto ni steroidi. Huanza kwa kidonge cha predinisoloni, kwa kawaida miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kisha hupunguzwa kwa wiki nyingi. Soma jina kwenye pakiti kwa makini. Kuna predinisoni na kuna predinisoloni. Ini la paka haliibadilishi ya kwanza vizuri kuwa ya pili, kwa hiyo unataka yenye «soloni». Usiikate ghafla hata siku moja, maana mwili umezoea kuipata kutoka nje na tezi zake zimelala. Ikitumika muda mrefu huongeza njaa, unene na hatari ya kisukari. Ukiona anakunywa maji kupita kawaida na sanduku lake la haja limelowa, mpeleke apimwe sukari. Kuhusu sindano ya steroidi ya kukaa wiki kadhaa mwilini, ambayo huvutia kwa urahisi wake, maoni yangu ni kuikataa labda kama paka ni wa mtaani na hashikiki kabisa. Ikileta kisukari huwezi kuitoa.

Ndiyo maana lengo ni kuhamia steroidi ya kuvuta, hasa flutikasoni, inayofika mapafuni na kuusumbua mwili mwingine kwa uchache. Hutolewa mara mbili kwa siku. Huchukua wiki moja hadi mbili kufikia nguvu yake, kwa hiyo kidonge huendelea sambamba nayo katika siku hizo. Watu wengi huiacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi. Bado haijaanza.

Ya kufungua mlango ni salbutamoli, ile pampu ya buluu inayojulikana na kila mwenye pumu. Hulegeza misuli ndani ya dakika chache na huisha baada ya saa chache. Haigusi uvimbe hata kidogo. Ukiitumia kila siku bila steroidi, paka ataonekana mzima huku kuta zikizidi kuvimba. Na imeonekana kwamba salbutamoli ya kawaida ikivutwa kila siku kwa muda mrefu, yenyewe huongeza uvimbe katika mirija ya paka. Iweke kwa shambulio. Ukijikuta unaihitaji zaidi ya mara moja kwa wiki, dawa ya kuzima moto haitoshi, mrudie daktari.

Hatua ya 5: Mfundishe kukubali barakoa

Paka hawezi kuambiwa «vuta pumzi». Kwa hiyo pampu huunganishwa na spesa, yaani kopo la plastiki linaloishikilia dawa hewani, lenye barakoa ndogo ya kufunika mdomo na pua. Zipo zilizotengenezwa kwa paka, kama AeroKat. Zisipopatikana, spesa ya mtoto mchanga yenye barakoa yake, inayouzwa kwenye maduka makubwa ya dawa, hufaa. Na hata hiyo ikishindikana ipo njia ya chupa: mwaka 1999 madaktari wa watoto wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu, iliwafaa watoto wenye pumu kama spesa ya dukani. Kwa paka unahitaji kuifungia barakoa laini kwenye shingo ya chupa na kuziba pembeni vizuri. Mwonyeshe daktari kabla ya kuitegemea.

Sasa mafunzo, na hapa ndipo haraka huharibu. Anza siku ileile kidonge kinapoanza, ili umpe wiki mbili.

Siku mbili tatu za kwanza acha barakoa sakafuni karibu na sahani yake. Ipake ndani tone la mchuzi wa samaki, ailambe akitaka. Kisha ishike wewe, aje mwenyewe kuingiza pua, umpe kipande cha dagaa palepale. Asipokuja, rudi nyuma siku moja. Baadaye mguse uso nayo sekunde moja, dagaa. Sekunde tatu, dagaa. Mpaka afike sekunde kumi bila kurudisha kichwa. Mzoeshe mlio wa pampu akiwa upande wa pili wa chumba anakula, kisha msogeze kidogo kidogo. Mwisho unganisha vyote.

Siku ya dawa yenyewe, tikisa pampu, iingize kwenye spesa, keti sakafuni paka akiwa katikati ya miguu yako akitazama mbele, mgongo wake kwako. Weka barakoa, bonyeza mara moja, hesabu pumzi 7 hadi 10 kwa kutazama mbavu au kiulimi kidogo cha spesa kinachotikisika kila anapovuta. Kama mlio unamshtua, bonyeza kwanza kisha mwekee barakoa papo hapo. Ukimaliza mfute mdomo kwa kitambaa kibichi, mpe chakula. Wakati uwe uleule kila siku. Karafuu hupewa baada ya swala ya alfajiri na baada ya isha, na akichelewa kupewa hunifuata jikoni kudai, kwa sababu anajua dagaa linakuja.

Osha spesa kila wiki kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe. Usiisugue kwa kitambaa, maana plastiki ikisuguliwa hupata umeme tuli unaoivuta dawa ikaganda ukutani badala ya kwenda kwa paka. Na andika kwenye kopo la pampu tarehe uliyolianza. Kopo la mibonyezo 120, kwa mara mbili kwa siku, linaisha siku ya 60, hata kama bado linatoa mlio na mvuke. Baada ya hapo unampa paka hewa tupu.

Hatua ya 6: Isafishe hewa ya nyumba

Nianze na udi, kwa sababu ndio ulioniumiza. Kumwambia mama mkwe wangu kwamba udi unamwua paka halikuwa jambo la kusemwa hivyo. Nilimwonyesha daftari. Akatazama zile Ijumaa tatu, akanyamaza, kisha akasema, «Basi chetezo kitoke uani, mwanangu.» Sasa nguo hufukizwa uani kwenye tenga, ndipo zinaingia ndani baada ya kupigwa na upepo. Siku ya shughuli, udi ukiwa hauna budi kuwaka ndani, Karafuu hufungiwa chumba cha upande wa upepo, mlango umewekewa kitambaa chini, mpaka moshi utoke wote. Ubani ni vivyo hivyo. Hatukuuacha utamaduni wetu, tumeuhamisha hatua kumi.

Dawa ya mbu ya kuchoma ndiyo ya pili kwa ubaya, maana huwashwa usiku, chini sakafuni, kimo kilekile cha pua ya paka, kwa saa nane. Badala yake tumia nyavu za madirisha na chandarua. Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutundikwa. Dawa za kupuliza pia ni mwiko chumbani mwake. Na zile zenye pemethrini, pamoja na matone ya kupe ya mbwa, ni sumu kwa paka hata asiye na pumu. Jiko la mkaa liwashiwe nje mpaka makaa yawe mekundu bila moshi. Sigara, nje ya nyumba kabisa.

Sanduku la haja husahaulika. Wengi tunaweka majivu au vumbi la mbao, na paka akifukua pua yake huwa ndani ya wingu. Weka mchanga mnene uliooshwa ukakauka, au magazeti yaliyochanwa vipande. Sanduku liwe wazi juu.

Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, na utitiri wa vumbi hupenda unyevu. Makao yake ni magodoro ya zamani ya sufi, mito, mazulia, na lile shuka ambalo paka hulalia mwezi mzima. Shuka lake lifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 na zaidi, lianikwe juani. Godoro litolewe juani. Futa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kukavu, na kama lazima ufagie, paka awe nje ya chumba hicho kwa saa nzima. Ukuta wenye ukungu wakati wa masika ukwanguliwe na kukaushwa, paka akiwa mbali. Ukoka ukatwe kabla haujachanua.

Kama amenenepa, mpunguze taratibu. Mafuta yaliyokizunguka kifua humzuia kupanua mapafu.

Visivyopewa

Parasetamoli: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka. Aspirini, hapana. Dawa za kikohozi za watu, hapana, kwa sababu baadhi zina parasetamoli ndani yake. Mafuta ya mikaratusi, dawa za kuchua zenye kafuri, na vifaa vya kutawanya mafuta ya harufu chumbani: matone hutua kwenye manyoya, paka hujilamba, ini lake haliwezi kuyasafisha. Vidonge vya mzio wa watu havijaonyesha faida kwa pumu ya paka. Montelukasti, dawa ya pumu ya watu, vilevile, maana ufundi wa mwili wa paka ni tofauti: kwake kemikali kubwa inayokaza mirija ni serotonini. Antibayotiki ni za maambukizi. Pumu si maambukizi.

Hatua ya 7: Kupunguza dawa bila kuamsha moto

Paka akikaa wiki kadhaa bila kukohoa, daktari atapunguza kipimo kidogo. Kipimo kikipungua, hesabu pumzi kila usiku kwa wiki mbili, si mara moja kwa wiki. Punguza jambo moja kwa wakati mmoja. Usishushe dawa wiki ileile mnayohama nyumba au masika yanapoanza, hutajua kipi kimemgusa. Paka wengine hufika kwenye kipimo kidogo sana na kukaa hapo maisha yao yote. Wachache huacha kabisa, hasa kizio chao kikijulikana na kuondolewa.

Sisi tulikosea wiki ya sita. Karafuu alikuwa anaruka ukuta wa uani kama zamani, nikaamua mwenyewe kuisimamisha flutikasoni bila kumwuliza daktari. Hesabu zake za usingizini zilikuwa 22 na 24. Siku ya tatu ikawa 27, siku ya tano 31, siku ya saba 34, na muda wote huo hakukohoa hata mara moja, alikula, alicheza. Kikohozi cha kwanza kilisikika siku ya tisa, alfajiri. Tulirudisha kipimo cha awali siku hiyohiyo kwa maelekezo ya daktari, pamoja na kidonge cha predinisoloni kwa muda. Ilichukua siku 16 kurudi 24.